Mstari wa Chini wa Bi Rula

Mmepotea, jamani! Nyinyi mliohamishiwa jengo jipya, nyinyi mliopandishwa vyeo, na nyinyi mliochukua magongo na viti vyenu hapa mkaapa mtarudi kutusalimia, mwaka wa ngapi huu? Mlango ni uleule na benchi ni lilelile. Leo mnasoma kwamba Bi Rula, karani wa dirisha namba mbili, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, ndiyo mnaanza kuulizana anaishi mtaa gani. Aibu yenu. Kaeni niwasimulie mlichokosa.

Mimi ndiye ninayepika chai ya ofisi hii. Darasani sikuingia, ila semina zote za ukumbini nimezisikia nikigawa vikombe. Mhariri wa jarida anaandika ninavyosema, na akitaka kunipamba maneno namkatalia.

Kwa wageni: ofisi hii huandikisha watu wasioona, wasiosikia, wasiotembea, na wale ambao vichwa vyao vinachelewa kushika mambo. Fomu ikishajazwa dirishani huenda shuleni, hospitalini, au karakana yetu ya nyuma yanakotengenezwa magongo, viti vya magurudumu na miguu ya bandia. Kilichoandikwa ndicho mtu atakachopewa. Basi karani wa dirisha si mtu mdogo, hata kama kiti chake kina mguu uliofungwa waya.

Bi Rula alipofika alikuta askari wa mlangoni akipanga watu kama magunia. "Viwete huku! Viziwi kule! Wewe na zezeta wako subiri!" Bi Rula, binti wakati huo, alikuwa na wiki moja kazini, viatu bado vinamchubua. Akatoka nje, akamwambia watu hawa wana majina, awaulize. Askari akamjibu, "Niwaulize wote hawa?" Naye akasema, "Wote. Umeajiriwa kushinda hapa mpaka jioni, unawahi wapi?" Tangu siku ile watu wakaitwa kwa majina yao. Hilo liandikwe kwanza kabla ya vyeti vyake.

Sasa twende kwenye maneno ya Kiingereza, maana fomu zetu ni za Kiingereza. Alipoanza kazi ziliandikwa "handicapped", yaani asiyejiweza. Likaonekana neno baya, likaja "disabled", mlemavu. Nalo likachokwa, zikaanza semina. Mara "special needs", yaani mwenye mahitaji maalumu. Mara "challenged", mwenye changamoto. Mwisho likaja "differently abled", mwenye uwezo wa namna tofauti. Yalibadilika kama mitindo ya nywele, na kila yakibadilika tulichoma fomu za zamani nyuma ya jiko langu.

Nisieleweke vibaya. Maneno yale yaliletwa kwa nia njema, kuwafuta watu mate waliyotemewa na askari wa aina ile. Alikuja mama mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita mwanawe zezeta. Bi Rula alipomsomea "special needs" na kumwambia maana yake, mama akaomba asomewe mara ya pili. Kisha akaikunja karatasi akaitia kifuani, akatoka anatembea wima. Usimcheke mama yule. Hujui amesikia mangapi.

Lakini neno zuri lina kasoro yake, na Bi Rula aliijua kwa kukosea yeye mwenyewe. Kisa hiki amenipa ruhusa nikisimulie. Alisema kisipokuwemo, sherehe tuifanye bila yeye.

Ilikuwa kesho yake baada ya semina. Fundi viatu alimleta bintiye wa miaka saba, mtoto mchangamfu, macho kila mahali, ila hasikii hata mlango ukibamizwa. Baba alikuwa mpole, kofia mkononi, na Bi Rula hakutaka kumuumiza. Semina ilikuwa imemwambia neno kiziwi ni tusi. Akaandika kwa mwandiko wake wa kupendeza kwamba mtoto ana mahitaji maalumu. Akapiga muhuri. Hakuandika kokote kwamba mtoto hasikii.

Shuleni waliipokea fomu, wakalisoma neno moja, wakamtia binti katika darasa la watoto wanaochelewa kuelewa. Miaka miwili mtoto yule alitunga shanga. Hakuna aliyemwonyesha alama hata moja ya mkono. Walimu waliandika kwamba haitiki akiitwa.

Fundi viatu aliporudi hakupiga kelele. Aliiweka fomu dirishani, akasema, "Dada, mimi nilikuletea mtoto asiyesikia. Wewe umemwandika nini?" Bi Rula aliisoma juu mpaka chini, akaisoma tena, akamwambia, "Kosa ni langu." Siku ile chai yake ilipoa nikaimwaga, nikamletea nyingine, nayo ikapoa.

Asubuhi yake alikuja na rula ya mbao. Kila fomu iliyopita mikononi mwake tangu hapo, aliipigia mstari chini kabisa, na chini ya mstari akaandika kwa Kiswahili, kwa maneno ya mwenye mwili, ni kitu gani mwili haufanyi na ni kitu gani kinatakiwa. Akishaandika anakusomea, ukikubali ndipo muhuri unagongwa. Binti wa fundi viatu ndiye aliyeandikiwa mstari wa kwanza: "Hasikii kabisa. Anaelewa upesi. Apelekwe shule ya lugha ya alama." Alipelekwa. Leo ni mshonaji wa mikanda ya ngozi katika karakana yetu, mnamwona kila siku. Ndiye aliyemfundisha Bi Rula kuzungumza kwa mikono saa za chakula cha mchana, na mwalimu alikuwa mkali, alikuwa akimpiga vidole akikosea. Kama amemsamehe hajasema, na Bi Rula hajamuuliza. Miaka miwili ya mtoto huwezi kuirudisha kwa kuomba radhi.

Msidhani Bi Rula alichukia maneno ya adabu. Kila aliyekuja dirishani, Bi Rula alimuuliza kwanza anapenda hali yake iitweje. Mmoja akasema, "Niite kiwete tu, nimelizoea." Mwingine akataka aitwe mwenye ulemavu. Bwana mmoja asiyeona akasema aitwe mwalimu, maana ndiyo kazi yake. Wote aliwaita walivyotaka. Ila chini ya mstari hakumbembeleza mtu.

Kuna dereva wa lori aliyekatwa mguu juu ya goti. Afisa mmoja wa semina, kijana wa watu, mstaarabu, akamweleza kwamba yeye sasa ni "differently abled". Dereva akauliza maana yake, akaambiwa. Akaitazama suruali yake iliyokunjwa na kubanwa pini, akasema, "Uwezo gani huo, mwanangu? Tangu nitoke hospitali nautafuta siuoni. Ukiuona niletee nyumbani, nina ngazi saba pale mlangoni." Benchi zima lilicheka, na afisa mwenyewe akaishia kucheka. Bi Rula alikuwa anaandika: ngazi saba mlangoni.

Fundi wa karakana, ambaye nyote mnajua hasira zake, amekiri mbele yangu kwamba kwa miaka yote hii hajawahi kusoma fomu kuanzia juu. Anaanzia chini ya mstari, akimaliza anachukua msumeno.

Mengine ya Bi Rula ni madogo lakini yaandikwe. Sukari vijiko vitatu, na huapa ni viwili. Miwani aliitafuta ofisi nzima ikiwa kichwani mwake. Kuimba hajui, na anaimba. Mumewe, fundi saa, humsubiri getini kila jioni, na kila jioni Bi Rula humchelewesha kwa sababu kuna mtu mmoja bado hajasomewa.

Sasa sikilizeni vizuri. Kuanzia mwezi ujao fomu zinaingia kwenye kompyuta. Karani atachagua neno moja kati ya maneno mazuri yaliyopangwa, basi. Chini hakuna nafasi ya kupiga mstari. Bi Rula alisimama kwenye kikao akaomba nafasi hiyo iwekwe. Mkuu wetu ni mtu mwema, simsengenyi. Alisema mstari ule unaandika mambo ya mtu wazi mno, wageni wakisoma wanaona vibaya. Bi Rula akamjibu, "Mgeni ataona vibaya siku moja, bosi. Mwenyewe anaamka nao mwili huo kila asubuhi." Mkuu akaamua hivi: watu wenyewe wakiuomba mstari, utawekwa. Ikifika mwisho wa mwaka hawajauomba, ndiyo basi tena.

Tayari tumeonja. Karani mpya alijaribu fomu ya kompyuta Jumatano. Fundi akaja nayo mpaka dirishani, vumbi la mbao kwenye nyusi. "Hii inasema mtu ana changamoto ya kutembea. Nimtengenezee nini? Gongo, mguu au kiti? Au nimtengenezee changamoto ya pili ziwe jozi?" Maskini karani ikabidi amkimbilie mteja mpaka kituo cha basi akamuulize. Aliporudi anahema, akamwomba Bi Rula amwazime rula. Bi Rula akamwambia akanunue yake. Amenunua, nimeiona.

Bi Rula mwanangu, umeingia hapa msichana, unatoka bibi kama mimi. Asante kwa kutoka nje ya dirisha ukakaa benchini na watu. Asante kwa kukubali kosa lako mbele ya baba wa mtoto bila kumtupia mtu mwingine. Lala mpaka jua liingie chumbani, gombana na mumeo kwa raha zenu, na Mungu akupe magoti yasiyouma na wajukuu wasiokuacha ukae. Sisi wote wa ofisi tunakuombea heri na siku nyingi za kupumzika.

Nanyi mliopotea, hamjaniponyoka. Safari ijayo mkija, au mkimleta mzee wenu au mtoto wenu, nendeni dirisha namba mbili, mkae, mseme kwa mdomo wenu kitu gani mwili haufanyi na kitu gani mnataka. Karani akisema kompyuta haina nafasi, mwambieni mnautaka mstari, aitoe fomu kwenye karatasi, aigeuze, aandike nyuma. Na mtu asinyanyuke pale mpaka asomewe kilichoandikwa.