Sumaku Mbili za Meku Eliezeri

Kijiwe chetu kiko Kiboriloni, nyuma ya meza yangu ya viatu vya mitumba. Mimi wananiita Soli, sababu mnaijua. Kornel Spika anatengeneza redio, Gurmit anauza spea za pikipiki, na Fabian anabeba mizigo ya watalii mlimani. Jana asubuhi akashuka Meku Eliezeri kutoka Old Moshi. Meku kwetu ni mzee wa heshima, na huyu tunampenda kabisa. Tukampa shikamoo na nafasi ya kukaa, naye akafungua leso. Ndani kulikuwa na sumaku mbili, ndogo kama dengu.

Akatueleza. Daktari anamtengenezea meno ya bandia ya chini. Sumaku inawekwa kwenye meno hayo, kisahani cha chuma kinafungwa juu ya mzizi wa jino lililobaki, vikishikana meno hayachezi. Moja ina nguvu sana, nyingine ya wastani; achague moja na siku hiyo hiyo arudi na jibu. Mwezi ujao mjukuu wake anaolewa, na yeye ndiye wa kuonja ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, mbele ya wakwe. Harusi iliyopita meno yalidondokea kwenye sahani, wakwe wakajifanya wanatazama mlima.

— Sitaki tena aibu ile, alisema. Nataka kutafuna kama watu.

Kornel akazijaribu kwenye birika la kahawa. Hazikushika. Akatangaza ni feki, tukamsema daktari vibaya sana, mpaka Gurmit akamkumbusha kwamba birika ni la alumini. Na huyo ndiye fundi wetu wa spika! Tukahamia kwenye nati za Gurmit. Yenye nguvu ikanyanyua tano, ya wastani mbili.

Nikasema achukue ya nati tano, itamsaidia hata kuimba besi kwaya ya kanisani. Kornel akadai fizi zitanasa redio, mzee asikie taarifa ya habari mdomo ukiwa umefumba. Fabian akaapa kwamba Meku akipita geti la chuma atabaki ananing'inia pale kwa kidevu.

Gurmit peke yake hakucheka.

— Mzee, muulize daktari kuhusu ganda la sumaku. Likichubuka, sumaku inaliwa na kutu humo mdomoni. Nati haziwezi kukuambia hilo.

Hatukumsikiliza, tulikuwa tunafurahi mno. Meku mwenyewe alishaibandika ile ya nati tano kwenye koleo la Kornel, anacheka fizi nje.

Ndipo akafika mkewe, Mama Rachel, ametoka sokoni na mkungu wa ndizi. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza:

— Na kuyavua meno uyaoshe, utayavua kwa vidole gani?

Tukaitazama mikono ya Meku. Miaka hamsini ya kupogoa kahawa imevipinda vidole, hata kikombe anakishika kwa viganja. Akajaribu kuibandua sumaku kwenye koleo. Kucha ikateleza mara tatu. Niliumia kumwona, nikajuta kelele zangu.

Mwisho akamsogezea mkewe koleo. Mama Rachel akaibandua mara moja, akaifunga ndani ya leso.

— Basi ya nati mbili, alisema Meku taratibu. Lakini ndafu itanishinda.

— Nitakukatia vipande vidogo mwenyewe, alisema Mama Rachel. Huko huko jikoni.