Kidole cha Babu Hersi

GULEID: Haloo? Nani huyo? Hii namba mimi siijui.

HODA: Salaam aleikum, Aabo. Ni mimi.

GULEID: Aleikum salaam. Wewe nani?

HODA: Hoda. Mtoto wako wa Bulla Pesa. Kwani una wengine?

GULEID: Niko na mmoja, na huyo mmoja amenimaliza. Hii simu ya nani?

HODA: Ya binamu, Abdighani. Laini yangu imefungwa tena. Wanataka isajiliwe na kitambulisho, na mimi bado sina.

GULEID: Hata kumsalimia baba yako, serikali lazima kwanza ikujue.

HODA: Aabo, nisikilize kabla mtandao haujapotea. Niko Nairobi bado, pale serikali inaweka karatasi za zamani. Nimempata babu yako Hersi.

GULEID: Umempata wapi?

HODA: Kwa kitabu cha uhamiaji. Watu walioshuka meli Mombasa, mwaka wa 1911. Meli imetoka Aden. Yeye ameandikwa namba arobaini na—

GULEID: Sikusikii. Sogea kwa dirisha.

HODA: —arobaini na tatu, nasema. Hersi, Msomali, miaka kumi na tisa. Kazi, askari. Kovu, shavu la kushoto.

GULEID: Hiyo kovu ni risasi ya Mjerumani.

HODA: Aabo, hiyo vita ilikuwa haijaanza. Alikuja nayo.

GULEID: Basi ni ngamia ilimuuma. Na sisi miaka yote tunaambiwa Mjerumani.

HODA: [anacheka kidogo] Pole.

GULEID: Haidhuru. Toa nakala, ipigwe muhuri. Kesho naiweka mbele ya Denge na kamati yake ya vitambulisho, waniulize tena familia yangu ilitoka wapi. Huyo Denge nilikuwa nambeba kwa lori yangu akienda shule, makamasi mpaka hapa. Leo amepewa kiti, ananiuliza mimi ni wa wapi.

HODA: Aabo—

GULEID: Nimezaliwa Isiolo. Baba yangu amezaliwa Isiolo. Kwa redio wanasema mambo ya kuhojiwa watu yamekwisha. Yamekwisha kwa redio.

HODA: Aabo, ngoja. Kitabu cha meli kinasema alikuja. Hakisemi alikaa. Kamati inataka ya kuonyesha alikaa Isiolo.

GULEID: Si alikaa? Alikuwa keya, askari wa Mwingereza. Vita ilipoisha wakaambiwa kaeni hapa, hii ni shukrani yenu.

HODA: Najua. Iko karatasi ingine moja tu inayosema hivyo. Ni barua ya mwaka wa 1937. Wazee wenu wa Isiolo waliiandikia serikali ya mkoloni. Chini wameweka vidole, thelathini na kitu. Cha babu Hersi ni cha nne.

GULEID: Si hiyo ndiyo tunatafuta?

HODA: Ngoja ujue inasema nini. Wanakataa kulipa kodi ya wenyeji. Wanataka walipe ile ya Wahindi.

GULEID: Ile ya Wahindi ilikuwa juu.

HODA: Ndio. Wanaomba walipe zaidi.

GULEID: Baba alikuwa anatusimulia hiyo. Ukilipa ya Mhindi, hospitali unalala kwa kitanda, na afisa anakuamkia kwa jina. Walikuwa wanajivunia sana.

HODA: Mzee mmoja wa hapa amenisaidia na Kiingereza chake cha zamani. Nikusomee?

GULEID: Soma.

HODA: “Sisi si wenyeji wa nchi hii, wala watoto wetu. Tuliletwa na meli kuwatumikia. Tunaomba tusihesabiwe pamoja na Waborana na Waturkana.”

[Mtandao unakwaruza.]

HODA: Aabo, uko?

GULEID: Amesema wala watoto wetu?

HODA: Wala watoto wetu.

GULEID: Hiyo usitoe nakala.

HODA: Bila hiyo hatuna ya Isiolo.

GULEID: Na nikiwapa hiyo, Denge atasema, si mlijikataa wenyewe? [anavuta pumzi] Ni karani aliandika. Babu hakujua kusoma. Hata mimi wakinipa karatasi naweka kidole, najua ni nini? Wakubwa wana milango miwili, wa juu na wa chini. Wanakuonyesha wa juu, unakimbia. Baadaye wanasema wewe ulipita kwa wageni.

HODA: Labda. Lakini kidole ni chake.

GULEID: Ni chake.

HODA: Chuo kinafunga majina Ijumaa, na bila kitambulisho hawaniandiki. Wale tulisoma uuguzi pamoja wote washaandikishwa, nimebaki mimi. Na kuna njia ingine, Aabo, unaijua.

GULEID: Usianze.

HODA: Abti Jillo—

GULEID: Hoda.

HODA: Ni ndugu ya mama. Ni mzee wa kule Kulamawe, na Denge anamsikiliza. Akisimama aseme huyu ni mtoto wa dada yangu Sabdio, hakuna mtu atauliza mambo ya meli.

GULEID: Mtoto wangu haombewi na mjomba kama asiye na baba.

HODA: Hivyo ndivyo ulimwambia mama nilipofika miaka kumi na nane.

GULEID: Alikuambia?

HODA: Nilikuwa jikoni. Ukuta ni mabati tu.

GULEID: Aliniambia mpaka ile wiki ya mwisho. Hawezi hata kukaa, ananiambia mpeleke kwa Jillo. Mimi nikamwambia pona kwanza.

HODA: Najua, Aabo.

GULEID: Tumetoka kumzika, Jillo ananishika mkono, ananiambia nipe mtoto nimpeleke aandikishwe. Mbele ya watu. Nikamwambia…

HODA: Ulimwambia Msomali haombi Mborana cheti.

GULEID: Hiyo pia ulisikia?

HODA: Bulla Pesa nzima ilisikia.

GULEID: Kwa ile barua, ile mahali ya kuhesabiwa. Isome tena.

HODA: Ya nini?

GULEID: Soma tu.

HODA: “Tunaomba tusihesabiwe pamoja na Waborana.”

GULEID: Umesema kidole cha ngapi?

HODA: Cha nne.

GULEID: [kwa sauti ya chini] Cha nne. Na mimi nikaweka changu siku ya mazishi. Kitabu cha meli toa nakala, ile ya kovu. Nitaiweka hapa nyumbani. Barua iache hapo ilipo.

HODA: Na kamati kesho?

GULEID: Namba ya Jillo unayo?

HODA: Wewe huna?

GULEID: Niliifuta.

HODA: Nimpigie mimi, Aabo? Mimi ataniitikia.

GULEID: Hapana. Mimi ndiye nilimtukana. Akikata simu kuna gari ya Kulamawe saa nane usiku, nitaenda nikae mlangoni kwake mpaka atoke.

HODA: Haya, nakutumia sasa hivi. Aabo, wanafunga hapa, na Abdighani anataka simu yake—

GULEID: Ngoja kidogo. Hoda. Akishika, nianze na nini?

HODA: Salaam kwanza. Halafu taja mama.

GULEID: Tangu mazishi sijataja jina lake kwa mtu.

HODA: Basi mtajie yeye. Haya, Aabo, natoka—

GULEID: Toka, toka. Tuma hiyo namba.