Delphin Byaruhanga, Fundi Aliyepuliza Kabla ya Kufunga

Marehemu Delphin Byaruhanga, ambaye mtaa mzima wa Nyakasanza ulimwita Baba Arlette, alizaliwa Kasenyi tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mzee Nicolas, mvuvi, na mama Joséphine. Kuvua hakukumvutia. Alipenda moteri za mitumbwi, hata mama yake akasema mtoto huyu ananuka mazuti ya moteri kuliko samaki.

Alisoma shule ya msingi Kasenyi, kisha ufundi hapa Bunia, akapata diplome mwaka 1981. Mwaka 1986 alimuoa Clémence Faida, aliyempelekea chakula garaji kila siku, maana bila hivyo alisahau kula.

Kazi yake ilikuwa kufufua bloku za moteri ambazo wengine walishazikatia tamaa. Pale arbre à cames, ule mhimili unaosukuma valvu, unapozungukia, chuma kikilika, yeye alipapanua polepole na kuingiza pete mpya. Tundu la pete lazima lilingane na njia ya mafuta. Mwaka 1994 halikulingana. Lori la Sébastien, mchuuzi wa samaki, lilikwama kwenye mlima wa Kasenyi, moteri aliyoifunga Delphin imekauka mafuta, samaki wote wakaoza. Delphin alimfuata huko huko, akasema mbele ya watu: “Ni miye nilikosa. Moteri haina kosa.” Akaitengeneza upya. Tangu siku hiyo hakufunga bloku kabla ya kupuliza kwa mdomo kwenye njia ya mafuta na kusikia upepo kwenye kidole upande wa pili. Kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, naye hakurudia.

Mwaka 2023 mapafu yalianza kumwangusha. Kilichomuuma zaidi ni kutojua kama watu wataiamini mikono ya Arlette, binti yake wa kwanza, aliyemrithisha kazi hiyo. Aprili mwaka huu Sébastien alirudi na lori lake, akasema waziwazi: “Baba Arlette, nilikuya juu yako, hapana juu ya mutoto mwanamuke.”

“Miye sina tena pumuzi,” marehemu akamjibu. “Yeye njo iko nayo.”

Arlette akaingiza pete zote tano, akapuliza. Baba yake, ameketi kando ya bloku, akaweka kidole kwenye tundu moja baada ya jingine.

“Upepo imefika,” akasema. “Funga.”

Inauma kukumbuka, kwa sababu hakuingia tena garaji. Alifariki hospitalini Nyankunde, Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wa Clémence.

Ameacha mjane, watoto wanne, Arlette, Guelord, Elodie na Emery, wajukuu saba, na bloku mbili wazi ambazo Arlette atazimaliza.

Jana Sébastien mwenyewe alikwenda kuchukua mwili kwa lori lile lile. Alipofika matangani hakuzima moteri. Alimwita Arlette, akamwambia, “Sikiliza, mama. Inaimba muzuri.” Arlette alisikiliza hadi machozi yakamshinda, na watu wote wa Nyakasanza walimwona.

Pumzika sasa, Baba Arlette. Upepo umefika.