Ufunguo Ulikuwa Mfukoni mwa Shati

Benchi lile lilikuwa la Fundi Sindano. Alilipigilia misumari mwenyewe, kwa mbao zilizobaki kwenye meza yake ya kukatia nguo, akaliweka kibarazani mbele ya cherehani ili wateja wapate pa kukaa. Wateja wakakae wapi? Lilikuwa na wenyewe. Pembeni kabisa alikaa Breki, mzee aliyeendesha malori hadi macho yakamkataa. Kando yake Waziri, dalali wa vyumba, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya ahadi zake. Kisha Redio, muuza vocha, ambaye hakuna aliyejua pa kumzimia. Na mwisho, upande wa barabara, palikuwa pa Kicheko, dereva wa teksi, mwana wa Fundi Sindano. Sasa hapakaliwi. Hakuna aliyekataza. Watu walibanana tu upande wa pili, bega kwa bega, kana kwamba ubao ule umelowa. Muuza kahawa aliweka birika lake chini karibu na miguu yao, na ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli uliochanika, Fundi Funguo alichonga funguo na kutengeneza vitasa. Palikuwa karibu mno. Mtu wa benchini aliomba kiberiti kule bila hata kuinua sauti.

Asubuhi hiyo gari la Kicheko lilikuwa limesimama mbele ya benchi. Lilikuwa limetoka kunyooshwa bodi baada ya ajali iliyomuua mwenyewe, na rangi ya mlango mmoja haikufanana na ya mwingine. Kesho yake mke wa marehemu, aliyekwisha kupata leseni, angeanza kulifanyia kazi, maana watoto wanakula hata baba yao akiwa kaburini. Fundi Sindano alikuwa ametoa sharti moja tu: gari halitoki hapa mpaka swichi ibadilishwe, lile tundu la ufunguo pale kwenye usukani. Fundi Funguo alikwisha kuvuka barabara, akaiweka swichi mpya juu ya boneti. Alichongoja ni ufunguo wa zamani, kwa kuwa swichi ya zamani haitoki nzima mpaka ufunguo wake wenyewe uigeuze kidogo. Ufunguo ulikuwa kwa mkwe. Alikwisha kuagizwa aulete.

— Mnajitia kazi bure, alisema Breki. Swichi haina kosa. Mimi nimeendesha lori la kuwashwa kwa kijiko. Kijiko cha chai! Nikapanda nalo milima, nikashuka nalo. Unasugua ufunguo kwa penseli, unatia mafuta kidogo, basi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

— Lori lako lile lilikuwa punda, Mzee Breki, akasema Redio. Hata kwa kiboko lingewaka.

— Punda, sawa. Lakini lilinirudisha nyumbani.

Neno hilo likaanguka vibaya. Muuza kahawa akajifanya anatafuta kikombe.

Fundi Sindano alikuwa ndani ya kizingiti, mguu juu ya kanyagio la cherehani, anashona pindo la suruali. Tangu msiba alikuwa amejifunza kwamba kijiwe hakinyamazi, na kwamba mfiwa akitoa neno moja wenzake humrudishia kumi. Alikuwa akilitaja jina la Mungu kimoyomoyo, mshono kwa mshono, kama mtu anayeshika ukuta gizani.

— Mimi nasema ulikuwa usingizi, Breki aliendelea. Dereva halali siku mbili, siku ya tatu barabara inamlaza yenyewe.

— Usingizi saa ya watoto kwenda shule? Waziri alimkata. Acha zako. Ile kona ndiyo yenye mambo. Kabla yake alianguka muuza maziwa. Kabla ya muuza maziwa, harusi nzima.

— Harusi haikuanguka. Bwana harusi alitoroka.

— Alitorokea wapi? Si pale pale konani? Kona haichagui namna ya kumpoteza mtu.

Redio akavuta pumzi. Wote walijua anakuja na lake.

— Nyinyi mnatazama chini, alisema, akishusha sauti. Tazameni juu. Kuna mtambo huko angani. Waliounda magari haya wanayaona yote, moja moja. Wanaona tumekataa kununua mapya. Basi wanabonyeza. Gari linazimika hapo hapo lilipo.

— Hilo gari lina umri mkubwa kuliko huo mtambo wako.

— Ndiyo maana wakaanza nalo!

Muuza kahawa akacheka, kisha akaona aibu, akamimina kahawa kwenye kikombe ambacho hakikuwa kimeombwa.

— Hakuna mtambo, alisema Waziri kwa sauti ya kikaoni. Mambo haya yana mkono wa mtu. Na mtu huyo hatoki mbali. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Funga mdomo, Breki alimnong'oneza.

Waziri akaufunga. Alikuwa amesahau kilichokuwa nguoni.

Nguo za Kicheko ziliporudishwa, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa shati, na mfuko umefungwa kifungo. Gari limejikunja ukutani, gia bado imeingia, na ufunguo uko mfukoni. Watu wengi matangani walinong'onezana kwamba gari haliendi bila ufunguo, kwa hiyo lazima kuna lililofichwa. Benchi peke yake halikushangaa. Benchi lilijua. Swichi ya Kicheko ilikuwa imelika hata ufunguo ukachomoka huku gari linawaka, na yeye akaona heri autie mfukoni kuliko kuuokota sakafuni kila akipita shimo.

— Lakini alituchekesha jamani, alisema Redio, na sauti yake ikapungua kelele. Anakuja pale, gari linanguruma, yeye huyooo, ufunguo mkononi. Anatutupia. "Shikeni gari langu!" Mnakumbuka? Waziri anachokonolea sikio, gari linawaka tu.

— Nilichokonoa mara moja.

— Kila siku! Na wewe Mzee Breki ulikuwa unaubusu, unasema umeona mwisho wa dunia. Na Baba Fundi je? Baba Fundi ndiye aliyetoa neno zito kuliko yote. "Ufunguo wa gari hili anao Mungu." Kijiwe kizima tukaitikia. Au siyo, Baba Fundi?

Mguu wa Fundi Sindano ulisimama juu ya kanyagio. Ndiyo, alilisema. Alilisema kwa furaha, huku anapima bega la mteja, na lilimjia midomoni kama sifa. Siku ile aliona ni imani. Siku hizi, kila akiinamisha kichwa kuomba, neno hilo lilitangulia mbele ya maneno mengine, likakaa mlangoni, naye hakujua alisogeze vipi.

— Ndiyo, alisema. Nilisema hivyo.

Akaendelea kushona.

Fundi Funguo alikuwa ameegemea gari, mgongo kwa benchi. Alizungumza kama anayeliambia gari.

— Swichi ikilika haishiki ufunguo. Hilo mnalijua. Lingine ni kwamba gari likitikisika sana, ndani mle inarudi yenyewe pale pa kuzimia. Gari linazima. Usukani unajifunga. Ukiwa unapinda kona, ndiyo basi. Unaendelea moja kwa moja.

— Sasa unataka kutuambia nini? aliuliza Waziri.

— Sisemi kitu. Nangoja ufunguo.

— Mbona hukumwambia mwenyewe?

— Nilimwita. Nikiwa nimekaa pale pale. Akaniambia, nikimaliza kahawa, fundi.

— Naam, Waziri alitikisa kichwa. Haraka haraka haina baraka.

Kisha yeye mwenyewe akatazama pembeni, kama methali ile imesemwa na mtu mwingine.

Ndipo mke wa Kicheko akatokea. Alikuja kwa njia ya barabarani, ambayo hakuwa akiipita. Zamani akitaka kumwona baba mkwe alizunguka uani, kwa kuwa benchi lilikuwa la wanaume na maneno yao. Aliushika ufunguo kiganjani, mkono umefumbwa.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu. Watoto wameamkaje?

— Salama. Shemeji zangu, habari za asubuhi?

— Nzuri, shemeji, walijibu pamoja, kama wanafunzi.

Akampa Fundi Funguo ule ufunguo. Kisha akageuka, akaona nafasi benchini, akakaa. Alikaa upande wa barabara, palipokuwa wazi. Redio alifungua mdomo kumzuia, Breki akamkanyaga mguu. Yule mama hakujua. Kwake yeye palikuwa mahali pa kukaa tu. Muuza kahawa, kwa kukosa la kufanya, akampa kile kikombe kilichomiminwa bila kuombwa, akakitia tena ya moto hadi juu. Akashukuru, akakishika kwa ncha za vidole kwa kuwa kilikuwa kinaunguza.

Fundi Funguo akafungua mlango, akapiga goti. Akalegeza skrubu za kifuniko cha chini ya usukani, akakishusha. Akatia ufunguo wa zamani, akauchezesha, ukakataa. Akautoa nje kiasi cha unene wa ukucha, akautikisa, ukageuka. Kwa mkono mwingine akaingiza kisindano chembamba cha chuma kwenye kitundu cha ubavuni, akabonyeza. Swichi ya zamani ikatoka nzima, na ufunguo wake ndani, kama jino lililooza. Akaipenyeza mpya pale pale. Ikalia kidogo, ikakaa. Akarudisha kifuniko. Akawasha kwa ufunguo mpya, gari likanguruma.

— Njoo, mama, alisema. Vuta ufunguo.

— Likiwa linawaka?

— Likiwa linawaka. Vuta.

Akaweka kikombe kwenye ubao, akaenda. Akavuta. Akavuta tena, mara hii kwa mikono yote miwili, mguu ameukaza kwenye kizingiti cha gari, hadi kitambaa kikamtoka kichwani. Ufunguo haukutoka. Kutoka mlangoni mwa duka Fundi Sindano alimwona, akataka kumwambia inatosha, binti yangu, lakini akamwacha ahakikishe.

Mkwe wake akajifunga kitambaa chake, akarudi, akaketi. Akainua kikombe na kukipeleka mdomoni, kisha akakiondoa upesi. Kahawa ilikuwa bado inaunguza.

Akakitazama kile kikombe.

— Imekwisha, fundi?

— Imekwisha, mama.

— Ndiyo kazi yote hiyo?

— Ndiyo yote.

Alipozungumza hakuwa na ugomvi hata kidogo. Alizungumza kama mtu anayetaka kuelewa.

— Mimi aliniambia ni kazi ya siku nzima. Kila nikimkumbusha, ananiambia hana nafasi, gari likilala siku nzima watoto watakula nini. Nikamwamini, nikaacha kusema.

Akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye ule mwavuli uliochanika. Akatazama ubao aliokalia.

— Eti shemeji zangu, akija hapa alikuwa anakaa kwa muda gani?

Gari liliendelea kunguruma. Breki akainamia fimbo yake, akaichunguza kama aliyepewa leo. Waziri, aliyekuwa na ahadi kwa kila aliyemsimamisha, akageukia barabarani kama kuna aliyemwita. Redio alifungua mdomo, akaufunga mwenyewe bila kukanyagwa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwona akifanya hivyo.

Fundi Sindano alilijua jibu. Kila siku alimwona mwanawe kutoka kwenye cherehani, kikombe cha kwanza, cha pili, na kingine tena, miguu ameinyoosha, kichwa amekitupa nyuma kwa kicheko. Naye, huku anashona, alikuwa akimshukuru Mungu kwamba kijana wake ana marafiki.

Akakata uzi kwa meno.

Mkwe wake akangoja kidogo, kisha akaona swali lake halina mwenyewe. Akakiacha kikombe kikiwa kimejaa, akasimama. Fundi Funguo alimnyooshea ile swichi ya zamani, ufunguo bado umekwama ndani. Akaipokea, akaigeuza, akatafuta pa kuiweka, akaiweka benchini, pale alipokuwa amekaa.

— Hii sina kazi nayo. Shikeni.

Redio akaziba uso kwa viganja.

Fundi Sindano alitoka kibarazani, uzi bado unaning'inia begani. Mkwe wake alikuwa amekwisha kuingia garini. Alisimama kando ya dirisha. Maneno aliyozoea kumwaga kwa kila msafiri yalikuwa yamejaa kinywani, Mungu akulinde, Mungu akutangulie, nayo yote ni ya kweli. Akayazuia kwanza.

— Funga mkanda, mwanangu.

— Nimefunga, baba.

Akaingiza mkono ndani, akaushika mkanda, akauvuta kuhakikisha. Akautazama na ule ufunguo mpya, ulivyokaa.

— Basi, alisema. Mungu akutangulie.

Gari likaondoka polepole, likapinda kwenye duka la mkate, likapotea. Muuza kahawa akainua birika, akalitikisa. Lilikuwa bado zito, limejaa zaidi ya nusu. Akawatazama mmoja mmoja, lakini hakuna aliyenyoosha kikombe.