Kurasa za Kulia za Machage

Ijumaa hii, Juni 30, 1978, Mzee Tamimu Abdurahmani anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika masjala ya ofisi yetu hapa Tarime. Mimi Waisiko, mpiga chapa wake kwa miaka tisa, nimeombwa niandike kwa kifupi. Nitajaribu, ingawa furaha imenizidi.

Aliingia mwaka 1951 akiwa tarishi, akapanda hadi karani mkuu. Hajawahi kupoteza faili. Miwani ameipoteza mara nyingi, na kila mara tuliikuta kichwani pake. Kikurya chake mpaka leo kinatuvunja mbavu. Tena ana tabia iliyotuchosha sote: hafungi faili kabla hajalisoma lote, hata liwe la chanjo ya ng'ombe.

Tabia hiyo ndiyo iliyomkomboa marehemu Machage wa Kemambo. Sote tumekua tukimsikia: Machage wa Fimbo, yule msomi wa zamani aliyeandika kwamba mkulima haelewi maneno, anaelewa fimbo. Wakati wa kuhamia vijijini, kiongozi yeyote mkali aliitwa Machage. Binti yake, Bibi Gati, aliacha kwenda kwenye mikutano ya kijiji, maana kila akinyoosha mkono watu waliguna.

Mwaka juzi, Mzee Tamimu akifungua faili la zamani, akakuta daftari lenyewe la Machage. Kumbe Machage aliandika hoja za wapinzani wake ukurasa wa kushoto, kwa haki kabisa bila kuzipunguza, na majibu yake ukurasa wa kulia. Karani wa enzi za mkoloni alinakili kushoto tu, na nakala hiyo ndiyo iliyosambaa. Kulia, mkabala na ile hoja ya fimbo, Machage alijibu kwamba kiongozi anayeshika fimbo ameishiwa hoja, na kwamba mkulima asiyeulizwa hajaongozwa bado.

Mzee akachukua likizo, tukapanda lori hadi Kemambo. Alisoma kurasa zote mbele ya kijiji, mimi nikitafsiri kwa Kikurya. Za kushoto watu walizizomea. Za kulia zilipoisha, Mzee Wangwe, aliyekuwa wa kwanza kuguna miaka yote ile, akasimama akamwomba Bibi Gati msamaha. Nililia, na sioni haya kusema.

Mzee Tamimu, tunakushukuru kwa macho yako na kwa ukaidi wako. Tunakuombea afya njema, usingizi wa mchana na wajukuu watulivu. Bibi Gati anasikitika hatafika kwenye sherehe: leo kijiji chake kina mkutano, na mwenyekiti ni yeye.