Daftari la Tusekile na Jina la Mkwewe

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama kuna mtu anatwanga hapo uani, mwambieni apumzishe mchi kidogo. Tunaye marehemu wa kumsindikiza, na marehemu huyu hakuwa mtu wa kupiga kelele.

Jina lake ni Tusekile. Tusekile wa Ndandalo, Kyela. Amezikwa Jumamosi iliyopita nyuma ya migomba yake, akiwa na umri wa miaka themanini hivi. Hakuwa chifu. Hakuwa mwalimu. Alilima mpunga na ndizi. Lakini kwa miaka sitini na zaidi, karibu kila siku, Tusekile aliandika. Ameacha madaftari arobaini na moja. Nimekaa siku nne sakafuni kwa binti yake, Naomi, nikiyasoma, na nimefika la tisa tu. Naomi ndiye aliyenifungulia la mwisho kabisa. Lakini lile la kwanza nimelisoma mara tatu, na ndilo lililonifanya nije hapa nikiwa na hasira. Mtanisamehe.

Daftari la kwanza alilipata mwaka 1913, enzi za Mjerumani. Alikuwa msichana wa shule ya misheni. Alipewa kwa kuwa wa kwanza darasani kusoma bila kufuata mistari kwa kidole. Mke wa mmisionari alimwambia anakili aya za Biblia. Tusekile alinakili aya moja. Ukurasa wa pili aliandika hivi, kwa Kinyakyusa, nami nawafasiria: "Leo nimemchukia dada yangu mpaka saa sita mchana. Halafu nimechoka."

Basi. Aya zikaishia hapo. Maisha yakaanza.

Naomi anacheka anaponisimulia. "Mama alikuwa na hasira za karibu. Angeweza kukurushia mwiko. Halafu anakwenda kuandika. Akirudi, anakuja mwenyewe kukuomba mwiko wake, mpole kabisa."

Mwaka 1915 Tusekile aliolewa na kijana aitwaye Yotamu, hapo hapo Ndandalo. Baba yake Yotamu aliitwa Andongwisye. Mama yake aliitwa Anyisile. Shikeni majina hayo, hasa la mzee: Andongwisye.

Ninyi wa Kyela mnaijua mila hii. Kwa wasikilizaji wa mbali, nieleze. Mke hamtazami baba mkwe usoni. Wakikutana njiani, mke anaingia majanini na kujifunika nguo. Haingii ndani mzee akiwemo. Hasemi naye. Na jina lake halitamki, kamwe. Wazee walisema mke akilitamka, linaloadhibiwa ni tumbo lake.

Novemba 1915 askari wa Mjerumani walikuja kutafuta wapagazi wa vita. Yotamu alibebeshwa sanduku la risasi, akapandishwa milimani na wenzake. Tusekile alikuwa na mimba ya miezi miwili.

Sikilizeni kurasa zinazofuata. "Leo hakuna habari." "Leo hakuna habari. Panya wamekula mbegu." "Leo hakuna habari. Andongwisye hakula."

Mmesikia? Ameandika jina.

Fikirini nyumba ile. Watu wawili wanamlilia Yotamu kuliko wote, baba yake na mke wake, na hawawezi kuambiana neno. Tusekile alijiambia kuwa mila inafunga mdomo, na kalamu haina mdomo. Kwa hiyo aliandika. Andongwisye amekwenda njia panda tena kungoja. Andongwisye amenyoa nywele. Andongwisye amelia nyuma ya zizi, alidhani yuko peke yake.

Naomi alimwuliza kwa nini. "Aliniambia, mwanangu, jina lilinijaa. Kama nisingeliandika, ningelitamka."

Lilikuwa kosa. Nalisema mapema. Kosa la mtu mwenye mila na mwenye upendo.

Mei 1916 Waingereza walikuwa wamejaa ng'ambo ya Mto Songwe. Mjerumani alishikwa na wasiwasi. Kila aliyejua kuandika alionekana mpelelezi. Askari walipekua nyumba za Ndandalo, na katika nyumba ya Yotamu walikuta chungu cha Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, chenye kifuniko. Ndani ya chungu, daftari.

Daftari hilo likapelekwa kwa ofisa wa Kijerumani na karani wake, mtu wa Pwani. Karani alijua kusoma lakini hakujua Kinyakyusa. Alijaribu kulisoma kwa sauti mbele ya watu, uwanjani penye ghala la mpunga. Watu wakaanza kucheka. Mama mmoja akasema, "Baba, unatafuna mfupa?" Karani akaona aibu. Hapo ndipo jicho lake lilipoanguka kwenye neno moja lenye herufi kubwa, linalorudi karibu kila ukurasa.

"Andongwisye ni nani?"

Mzee akasogea mbele. "Ni mimi."

Karani akapitisha kidole kurasani, akihesabu. "Jina lako limo humu mara sitini na tatu. Tarehe, jina lako. Tarehe, jina lako. Unawapelekea Waingereza habari gani, mzee?"

"Mimi sijui hata karatasi inaanzia upande gani."

"Tutakufundisha. Kamba!"

Ofisa alisema mzee anyongwe kabla jua halijashuka.

Anyisile alikimbia hadi shambani alikokuwa mkwewe. "Wewe! Umeandika nini kuhusu mume wangu?"

"Nimeandika kama amekula, mama. Na kama hakula."

"Watu wananyongwa kwa kula?" Akamshika mikono, akamwambia maneno mawili kwa pumzi moja. "Usiende, una tumbo. Nenda."

Tusekile alikwenda. Mimba ya miezi minane, nguo kichwani. Alisimama uwanjani akimpa mzee mgongo, kama mila inavyotaka.

Karani akacheka. "Mwandishi ndiye huyu? Na tumbo hilo ndilo mkoba wa barua?"

Alikuwepo mkalimani, Ezekia wa Njisi. Yeye alijua Kinyakyusa na Kiswahili, lakini hakujua kusoma. Basi ikaamriwa hivi: Tusekile asome, Ezekia afasiri, karani afuatishe jina kwa kidole. Kila lilipoandikwa, lisikike. Akiliruka, ni ushahidi wa njama.

Alianza kusoma. "Leo mama mkwe amepika mboga bila chumvi."

Anyisile akapiga kelele kutoka nyuma. "Uongo! Chumvi ilitosha!" Hata askari walicheka.

Akasoma habari za panya. Akasoma habari za mvua. Halafu akafika pale. "Leo hakuna habari... hakula."

"Simama," karani akasema. "Umeruka. Jina liko hapa."

Ezekia akajaribu kumwokoa. "Bwana, kwao mkwe hatajwi. Ni mwiko mkubwa. Mwanamke ana mimba."

"Asome kila neno," ofisa akasema, "au kamba ifanye kazi."

Mzee akakohoa. Naye hakuruhusiwa kusema na mke wa mwanawe. Kwa hiyo alimwambia Ezekia, kwa sauti ambayo uwanja wote uliisikia: "Mwambie mke wa mwanangu anyamaze. Mimi nimeshaishi. Tumbo ni la Yotamu."

Wasikilizaji wapendwa, mngefanya nini? Nimejiuliza siku nne. Huku shingo ya mzee, huku mtoto ambaye hajazaliwa. Na Tusekile hakuwa mtu wa kuidharau mila. Aliiamini. Aliamini kila neno lake.

Aliweka mkono tumboni. Akasoma. "Andongwisye hakula."

Akaendelea. Mara sitini na tatu alilitamka. Alipofika mahali mzee alipolia nyuma ya zizi, Ezekia alikwama, akafuta uso, akafasiri kwa sauti ndogo. Wote wakajua sasa kwamba mzee alilia. Na wote wakajua kwamba Tusekile alimtazama.

Ofisa alilitupa daftari chini. "Hakuna kitu humu. Kelele za wanawake tu."

Kelele za wanawake! Nisikilizeni vizuri. Mtu huyo alikuwa na bunduki, na bendera, na kamba mkononi. Hakuwa na ukurasa mmoja wenye ukweli kama ule alioutupa vumbini. Nasema hivyo, na atakayechukia achukie.

Mzee alifunguliwa. Alipita bila kugeuka. Tusekile alikuwa ameanguka chini, amejifunika mwili mzima.

Siku chache baadaye Waingereza walivuka Songwe, na Mjerumani akakimbia. Wapagazi wengine walirudi. Yotamu hakurudi. Hakuna anayejua alikolala.

Juni, mtoto alizaliwa. Wa kiume. Aliishi siku kumi na tisa. Alishikwa na homa, akafa.

Mtoni wanawake walikuwa wakinyamaza Tusekile anapofika. Hamhitaji niwaambie walichokuwa wakisema. Yeye mwenyewe ameandika. "Mtoto amekwenda. Wanasema ni jina. Mimi nasema ni homa. Sijui ninachosema."

Baada ya hapo kuna kurasa kumi na moja tupu. Nimezihesabu. Nimezipapasa kwa vidole. Kalamu ilimshinda.

Halafu kuna mwandiko tena, na Naomi amenieleza ulivyokuja. Ilikuwa jioni. Tusekile alikuwa amekaa ndani, nyumba ya mianzi, kuta zina matundu. Nje, upande wa pili wa ukuta, mzee aliketi na mkewe. Akasema kwa sauti kubwa, "Anyisile, mwambie mke wa Yotamu achukue kalamu."

"Anakusikia. Ukuta ni wa mianzi."

"Mwambie vilevile."

Anyisile akamwambia.

"Aandike hivi. Mimi, Andongwisye, nasema. Jina langu lilinitoa kwenye kamba. Halikumwua mtoto. Lingekuwa la kuua, lingeniua mimi niliyelibeba tangu ujana." Akatega sikio ukutani. "Anaandika?"

"Anaandika."

"Mwambie asiharakishe."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mitano, mpaka mzee alipofariki. Mila haikuvunjwa tena. Jioni anakaa nje ya ukuta na kumsimulia mkewe utoto wa Yotamu, jinsi alivyoogopa mbuzi, jinsi alivyoiba ndizi mbivu. Na ndani, kalamu inakwenda. Daftari la pili na la tatu yamejaa hayo. Wanawake wa mtoni nao wakaanza kuja, mmoja mmoja, kila mtu na lake la kuandikiwa. Tusekile aliwafundisha binti zao herufi.

Baadaye aliolewa tena hapo Ndandalo, akawapata Naomi na wadogo zake wawili. Alizeeka vizuri. Lakini sitawadanganya. Ukurasa wa mwisho ameuandika wiki tatu kabla ya kufa. Herufi zimetetemeka. Unasema: "Leo mtoto angetimiza miaka hamsini na minane. Nimejiuliza tena kama ni jina. Nimekula vizuri."

Mimi ni kijana, na damu yangu ni ya moto. Nilipousoma nilitaka kupiga kelele: hapana, bibi, haikuwa jina! Naomi akanishika mkono. "Mwache. Hakukuuliza wewe. Aliuliza ukurasa, halafu akala chakula chake. Hivyo ndivyo alivyoweza kuishi."

Naomi, wewe na wadogo zako, na ukoo wote wa Ndandalo, tunawapa pole. Kyala, Mungu wenu na wetu, awafute machozi. Ndaga fijo, asanteni sana, kwa kuniamini na madaftari ya mama yenu.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mna swali gani mnalolibeba peke yenu? Usimngoje mwenye jibu, pengine hayupo. Tafuta karatasi, hata ya kufungia sukari. Liandike swali lako lote, na majina yake yote. Kisha uende ukale.