Chuma cha Akina Kanté

Hapa Beyla, mbele ya banda la kahawa la dada Siré, tunakaa sisi tusio na haraka. Mlima Simandou unaonekana nyuma ya paa la msikiti, na kila mtu anasema ni chuma kitupu. Kwa hiyo kijiweni hakuna maskini, kuna matajiri ambao hawajalipwa. Asubuhi hiyo mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha, na watu wenye akili walikuwa shambani.

– Hapa palikuwa bahari, alisema Kokoto, aliyewahi kuwabebea wapima madini mifuko ya mawe. Chuma kilizama, tabaka juu ya tabaka, hadi bahari ikakauka.

– Acha fiksi, alisema Gavana, aliyegombea udiwani akaambulia kura ya mkewe tu. Mlima ule umedondoka toka mbinguni. Una sumaku. Nikielekea kule, saa yangu inakawia.

– Saa yako mbovu tangu uinunue, alisema Kokoto.

– Subira huvuta heri, sembuse mlima wa chuma kuvuta saa, alijibu Gavana.

Nyundo, mhunzi wetu, jina lake Lanciné Kanté, akaweka kikombe chini.

– Tulieni, watoto. Chuma ni cha sisi akina Kanté. Babu zangu walikiyeyusha mlimani babu zenu wakiwa hawajui kufunga mbuzi. Hiyo treni watakayoleta kubeba madini isiondoke bila ruhusa yangu. Nitadai behewa moja kwa wiki tu, sina roho mbaya.

Hapo akafika mama Saran, mkulima wa mpunga, akampa Nyundo kokwa ya kola. Kwetu, mhunzi akiitafuna kola ya mkulima mvua zikianza, hali chakula mpaka amfulie jembe. Nyundo, akili ikiwa kwenye mabehewa, akaitia mdomoni. Ndipo mama akafungua kitenge, akatoa jembe lililovunjika vipande viwili.

– Mbegu zimeshalowekwa, mwanangu. Nalitaka leo.

Nyundo akaacha kutafuna.

– Mama, chuma chakavu chote kimebebwa na malori ya Conakry. Sina hata msumari.

Mama Saran akautazama mlima, kisha akatutazama sisi.

– Na kile cha babu zako?

Kokoto alianza habari za tabaka, akaziacha njiani. Gavana aliangalia saa yake. Mimi niliona haya, sikuficha.

Nyundo akainama, akagonga miguu ya benchi letu. Ilikuwa springi ya lori, chuma kizito, safi.

– Simameni, alisema.

Tukasimama, vikombe mkononi, na mama Saran akashika upande wa pili wa benchi, wakalibeba kuelekea tanuri la Nyundo.